Waya moja, vyumba 40: ugawe kwa masafa, kwa zamu, kwa rangi za mwanga, ama uwaache wang'ang'anie?

Mwenye plot mmoja wa Manyatta hapa Kisumu alinipigia simu juzi jioni, mi niko Kondele nangoja chenji ya mkate, akaanza bila hata salamu. "Fundi, nimevutiwa faiba ya megabiti 100 hadi kwa nyumba. Niko na plot tatu, vyumba ni 40 jumla, moja iko hapa nyumbani na mbili ziko ng'ambo ya barabara. Nigawe aje hii kitu wapangaji wasinisumbue?"

Alikuwa ameshaongea na mafundi wawili kabla yangu. Wa kwanza alimwambia anunue redio za kutosha, zile za kurusha mtandao hewani, kila plot na chaneli yake, mambo kwisha. Wa pili akamwambia huyo anakula pesa yako, redio moja kwa paa inatosha, plot zipokezane. Nikamwambia mzee, hao wote hawajakudanganya, lakini hakuna aliyekuuliza wapangaji wako wanatumia mtandao vipi, wanavuta kidogo halafu wanatulia ama wanavuta mfululizo usiku kucha, na hilo ndilo swali linaloamua, kasi iliyoandikwa kwa boksi utaisoma baadaye. Na kwa vile hili swali naulizwa kila mwezi, mara mtu wa Migosi, mara mtu wa Nyamasaria, hadi mwalimu mmoja wa huko Maseno, wacha niliandike lote mahali pamoja.

Kupitisha mazungumzo mengi kwa njia moja kunaitwa maltipleksi na si kitu ya jana. Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya telegrafu yake mwaka 1874, na kwa mtambo wake makarani kadhaa walikuwa wanatumia waya mmoja, kila mtu ana kibodi ya vitufe vitano na mashine inamgongea mdundo wa kumwambia sasa ni zamu yako, bonyeza. Ukichelewa mdundo herufi yako imepotea. Ile zamu tunayobishania leo kwa paa za Manyatta ilikuwa tayari imo humo ndani.

Masafa ama zamu

Kugawa kwa masafa, ile mafundi wanaita FDM, ni redio ya gari. Ukiwa kwa matatu kutoka Nakuru kuja Kisumu, hapo kati ya megahezi 88 na 108 kuna stesheni kibao zinaongea kwa wakati mmoja, hakuna inayongoja ingine imalize taarifa ya habari, dereva anazungusha tu hadi apate rhumba yake. Kila mtu ana kipande chake cha masafa saa 24. Hakuna kungoja, hakuna saa ya kulinganisha, mitambo ni rahisi, ukiwasha imewaka.

Ubaya wake ni fensi. Redio hazikati masafa kama kisu, zinakata kama panga butu, kwa hivyo kati ya jirani na jirani lazima uache nafasi tupu. Laini za simu za zamani zilikuwa zinampa kila mzungumzaji kilohezi 4 ilhali sauti yenyewe inapita kati ya hezi 300 na 3,400, hiyo ingine ni mpaka tu, na kundi la simu 12 lilikuwa linapangwa kutoka kilohezi 60 hadi 108. Sasa chukua nusu eka ya Vihiga, uwagawie ndugu sita, kila mmoja apande michongoma ya kumtenga na mwenzake, uniambie mahindi yataota wapi.

Kwa waifai ya gigahezi 2.4 hii shida unaiona na macho. Chaneli zinahesabiwa hadi 11 na zaidi kwa hivyo mtu anadhani ziko nyingi, kumbe namba zimepishana megahezi 5 tu na kila chaneli inameza karibu 20, mwishowe zenye hazigusani ni tatu, 1, 6 na 11. Mtu akija na ujanja wake akaweka 3 ati "huku hakuna watu," amewaharibia wa 1 na wa 6 kwa mpigo na yeye mwenyewe hatulii. Nimeshawahi kuscan kwa paa moja Nyalenda nikahesabu majina hadi nikachoka, wengi wako kwa hizo za katikati.

Halafu kuna ile kitu hutaijua hadi upande juu mwenyewe. Ukifunga redio tatu kwa mlingoti mmoja, chaneli tofauti kabisa, bado moja ikituma inazifanya zile zingine viziwi, juu iko mita moja kutoka kwao na inapiga kelele ilhali zenyewe zinajaribu kusikia mnong'ono wa kutoka ng'ambo. Chaneli zitenganishe vizuri, na redio pia zitenganishe kwa urefu wa mlingoti.

Lakini hasara kubwa ya FDM ni chaneli ya mtu aliyelala. Plot B wakiwa wote wameenda matanga, chaneli yao inakaa bure na plot C hawawezi kuikopa hata kama wanasota.

Kugawa kwa zamu, TDM, ni reli. Ile reli ya zamani iliyofika Kisumu 1901 ni njia moja, treni ya kwenda na ya kurudi zinapita chuma hicho hicho, kwa hivyo moja inasimama stesheni hadi ingine ipite. Njia yote ni yako, lakini kwa muda wako tu. Simu za kampuni zilifanya hivi miaka mingi kwa laini inaitwa E1, megabiti 2.048 kwa sekunde, imekatwa vipande 32, kila kipande kilobiti 64, na huo mzunguko unarudi mara 8,000 kwa sekunde yaani kila mikrosekunde 125. Kipande cha kwanza ni cha kuwekana sawa kwa saa, kingine cha kupigishana simu, zinabaki 30 za watu kuongea. Watu 30 kwa jozi mbili za waya, na kila mmoja anadhani laini ni yake peke yake.

Hapa fensi ni ya muda, na bei yake ni saa. Wote lazima wakubaliane ni saa ngapi, tena kwa mikrosekunde, wakikosana kidogo tu treni zinakutana uso kwa uso. Na tatizo la aliyelala bado liko, juu katika TDM ya kizamani kipande chako kinapita hata kama huna la kusema, sawa na basi la ratiba linalotoka tupu kwa sababu saa imefika. Kwa mazungumzo ya simu kila mtu anaongea chini ya nusu ya muda, mwingine anasikiliza, kwa hivyo zaidi ya nusu ya vile vipande vinabeba kimya.

Ukiniuliza kati ya hizi mbili zikiwa mbichi hivyo, FDM ni ya watu wachache wanaoongea bila kunyamaza na hawana haja ya kujuana, TDM ni ya wengi wenye mahitaji sawa wanaotaka uhakika wa kufikiwa. Kamera za usalama ni mfano mzuri wa hao wasionyamaza. Kamera 16 za megabiti 4 kila moja ni megabiti 64 mchana na usiku, hazijui wikendi, hazilali. Mtu wa hivyo mpe njia yake kabisa asichanganywe na wapangaji. (Bora zaidi rekoda ikae plot hiyo hiyo video isivuke barabara kabisa, lakini hiyo ni hadithi ingine.)

Kung'ang'ania kwa adabu

Wapangaji si kamera. Mtu anafungua ukurasa, anavuta sekunde mbili, anasoma dakika tatu. Hapa ndio akili ya pakiti, vile vifurushi vidogo vya data, inaingia, ile vitabu vinaita maltipleksi ya takwimu. Hakuna aliyetengewa kitu, mwenye kitu cha kutuma anatuma, asiye nacho hachukui nafasi, na wakikutana wengi mlangoni wanapanga foleni kwa rauta.

Hesabu ya yule mzee ni hii. Megabiti 100 ukizigawa sawa kwa vyumba 40 kila mtu anapata 2.5 na hawezi kuzidisha hata saa nane usiku akiwa peke yake macho, hiyo ni kuuza mtandao kwa kijiko. Lakini kama kila chumba kinahitaji 5 kikiwa kinavuta, na kinavuta moja ya kumi ya muda, kwa wastani wanaovuta kwa wakati mmoja ni wanne. Wanne! Wanatumia 20 kati ya 100. Kufika watu 20 wanaovuta pamoja hapo mchana ni kama kurusha sarafu na kupata kichwa bila kukosa hadi uchoke. Kwa hivyo unaweza kuwauzia wote "hadi megabiti 5," hata 10, na hakuna uongo umesema.

Sasa hapa ndio watu wengi wanaangukia. Hiyo hesabu inasimama tu kama watu hawajapatana. Siku Gor inacheza na Ingwe, ama Harambee Stars wako uwanjani, wapangaji hawabahatishi tena, wote wanafungua video dakika hiyo hiyo. Vyumba 26 kati ya 40 vikiwa na mechi ni megabiti 130 zinataka kupita kwa mlango wa 100, na foleni haipungui hadi refa apulize. Mi huwa napima mtandao wa plot usiku wa mechi, mchana kila mtandao ni mzuri. Na yule fundi anayekuambia "watu 40 kwa 100 ni sawa tu" muulize alipima saa ngapi.

Dawa ya hapo si lazima uongeze bandwithi. Panga foleni vizuri. Rauta ikiachwa na foleni ndefu ya kijinga, mtu mmoja anayepakia video zake inafanya simu ya WhatsApp ya jirani ikatike katike, juu pakiti ndogo ya sauti imekwama nyuma ya gunia. Kuna foleni za kisasa kama fq_codel na CAKE, kwa rauta za MikroTik ziko ndani ya programu yake RouterOS 7, zinampa kila mtu mstari wake na kuhudumia kwa mzunguko, gunia linangoja, mnong'ono unapita. Weka kikomo kidogo chini ya kile unachouziwa, mi huweka 95 kwa laini ya 100, ndio foleni ikae kwako penye unaweza kuiamuru, isikae kwa boksi la kampuni.

Kwa waya hiyo imeisha. Kwa hewa kuna balaa moja zaidi, na hii ilinipata mwenyewe, ilinigharimu wiki mbili za kutukanwa.

Nilikuwa nimefunga antena ya sekta, ile inayorusha kwa upana ifikie wengi, kwa paa la ghorofa nne, na plot mbili zinapokea, moja kushoto moja kulia, kati yao kuna jengo refu la mabati. Nikaacha waifai ya kawaida, ile sheria yake ni sikiliza kwanza, ukisikia kimya ongea. Mchana nilipima pingi ya plot ya kwanza, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, safi, milisekunde 4. Nikashuka ngazi nikavuka nikapima ya pili, safi. Nikaenda nyumbani nimeridhika. Saa moja jioni simu zikaanza. Nikirudi pingi inasoma 600, 800, mara imekufa, na signali iko imejaa kabisa! Nilibadilisha chaneli mara sijui ngapi, nikabadilisha kebo, nikamlaumu fundi wa stima. Kumbe zile plot mbili hazisikiani juu ya lile jengo. Kila moja inasikiliza, inasikia kimya, inaongea, na zote zinafika kwa sekta zikiwa zimegongana, zinarudia, zinagongana tena. Mchana sikuiona kwa sababu nilikuwa napima moja moja.

Nilipowasha hali ya zamu, sekta ndio ikawa inasema wewe sasa, wewe ungoja, pingi ikatulia kwa milisekunde 12 hadi 15 jioni yote. Mchana ikapanda kidogo kuliko ile 4 ya mwanzo, ndio, hiyo ndio nauli ya zamu. Lakini hakuna mpangaji anapiga simu kulalamika kuhusu milisekunde 12. Na hii si TDM ya basi tupu, sekta inaangalia nani ana mzigo inampa muda mrefu, asiye nao anapewa dirisha dogo la kusema niko. Ubiquiti wanaiita airMAX, MikroTik wanaiita Nv2, na hizo mbili haziongei pamoja, ukianza na moja umeoana nayo. Simu ya mpangaji pia haiwezi kushika hiyo redio moja kwa moja, lazima ndani ya plot uweke akses pointi ya kawaida.

Kodi: nzuri, lakini huinunui

Kodi, si ile ya nyumba, ni msimbo, CDM, nitapita haraka juu hakuna duka Kisumu utaingia uambiwe chagua hii. Wote wanaongea masafa yale yale, wakati ule ule, kila mmoja amezidishiwa mfuatano wake wa kodi na mpokeaji anayejua kodi anamtoa mtu wake kwa kelele. Simu ya mtu wa boda inafanya hii siku nzima. Setilaiti za GPS zinatuma zote kwa megahezi 1575.42, kila moja na kodi yake ya vipande 1,023 inayorudiwa kila milisekunde, na simu inazitenganisha. 3G pia ni hii, chaneli ya megahezi 5 na vipande milioni 3.84 kwa sekunde.

Watu hupenda kuifafanua na soko la Kibuye Jumapili, Wajaluo wanasikizana kwa Kijaluo, Waluhya kwa Kiluhya, Wakisii kwa Kikisii, na kelele haiwasumbui. Mfano mzuri lakini umeacha kitu muhimu. Anayesimama karibu na masikio yako akipiga kelele kwa lugha yoyote ile, hutamsikia wa mbali hata kama unajua lugha yake. Kwa hivyo 3G inabidi iamuru kila simu ipunguze ama iongeze nguvu mara 1,500 kwa sekunde, ndio aliye chini ya mlingoti asimzime aliye kilomita tatu. Bila huo udhibiti kodi zote ni kelele tu. Ndio maana kwa redio zako za paa hutaikuta.

Michongoma imeng'olewa

Kuna FDM iliyoenda shule, inaitwa OFDM, na kama umenunua redio yoyote miaka ya karibuni tayari unayo, kwa hivyo si ya kuchagua ni ya kuelewa. Badala ya kuweka fensi, inapanga masafa madogo madogo yakipandana, lakini kwa hesabu maalum kila moja likiwa kileleni mengine yote yako sufuri hapo hapo. 4G inayatenganisha kwa kilohezi 15, na kwa chaneli ya megahezi 20 yanatumika 1,200. Michongoma imeng'olewa na hakuna ng'ombe wa mtu aliyeingia kwa mwingine. Kisha yanapangwa kwa mafungu, 12 kwa fungu, na mnara unampa mtu mafungu mawili, mwingine kumi, unabadilisha kila milisekunde. Yaani masafa na zamu kwa pamoja. Waifai 6 nayo imeiga, megahezi 20 inaweza kukatwa hadi watu tisa wakahudumiwa kwa pigo moja, ila faida hiyo unaiona tu kama simu za wapangaji nazo ni za Waifai 6, na plot nyingi nilizoingia bado ni simu mchanganyiko, kwa hivyo usimlipe mtu ziada leo kwa sababu hiyo peke yake.

Runinga ya dijitali pia ni hii. Kabla ya 2015 stesheni moja ilikula chaneli nzima ya megahezi 8, sasa chaneli hiyo hiyo inabeba msururu wa stesheni kwa mfumo wa DVB-T2, na ndani yake zinakopeshana biti, mtangazaji aliyekaa tu akisoma habari anakula kidogo, mpira unakula nyingi.

Uzuri mwingine wa OFDM ni mwangwi. Kila alama inaanza na mkia wake umenakiliwa mbele, kwa 4G karibu mikrosekunde 4.7, kwa hivyo signali iliyogonga ukuta wa milima ya Nandi ikarudi ikiwa imechelewa chini ya hapo, takriban kilomita moja na nusu ya kuzunguka, haiharibu kitu. Waifai ya kawaida imewekewa 0.8 tu, mita 240, juu ilitengenezewa ndani ya nyumba. Lakini usidanganywe kwamba inaponya yote. Ukivusha link juu ya ghuba ya Winam, kilomita 20, milingoti ya mita 30 pande zote, signali ya moja kwa moja na ile iliyogonga maji zinapishana sentimita chache tu. Hiyo si mwangwi, hiyo ni kivuli cha signali yenyewe, na ikiamua kuikata inakata masafa yote 1,200 pamoja. Hapo cheza na urefu wa antena, OFDM haikusaidii.

Rangi za mwanga

Kwa faiba mambo yanakuwa matamu. Kugawa kwa rangi, WDM, ni ile FDM ya mwanzo ila kwa mwanga, na fensi haziumi kwa sababu shamba ni kubwa ajabu. Nyaya za baharini zinazoingia Mombasa, kama TEAMS na SEACOM zilizowashwa 2009, zinabeba rangi nyingi kwa uzi mmoja zikiwa zimebanana chini ya nanomita moja. Hiyo huihitaji. Kuna ya bei nafuu inayoacha nanomita 20 kati ya rangi na rangi, inafika rangi 18, na hiyo pia pengine huihitaji.

Unayoihitaji ni ndogo zaidi, rangi mbili tu. Shule moja nilienda, uzi wa faiba ulikuwa na kori mbili, zile nywele za kioo za ndani, kati ya ofisi na bweni, moja kutuma moja kupokea, halafu watu wa kuchimba mtaro wa maji wakakata. Nikaunganisha kori moja, ya pili ilikuwa imevunjika ndani zaidi. Kuchimba upya ni pesa ya muhula. Nikanunua zile moduli za kori moja, vidude vya kutuma na kupokea mwanga, upande huu unatuma nanomita 1310 unapokea 1550, upande ule kinyume chake. Taa ikawaka. Kitu cha kukumbuka ni kwamba zinauzwa jozi na lazima ziwe tofauti. Mwanafunzi wangu alishawahi kwenda dukani akarudi na mbili za kishikio cha buluu, zote zinatuma 1310, tukakaa saa nzima tunasafisha viunganishi ilhali kila upande unangoja rangi ambayo hakuna anayeituma.

Kaka yake ni GPON, ile ya faiba za nyumbani. Uzi mmoja kutoka kwa mtambo, spliti ya kioo ya kugawa mwanga isiyo na umeme, nyumba 32 ama 64. Kushuka ni gigabiti 2.488 kwa rangi ya 1490, kupanda 1.244 kwa 1310. Kushuka wote wanapata kila kitu na kila boksi linachukua chake tu. Kupanda ni zamu, na hapo kuna ufundi ninaoupenda sana. Mwanga ndani ya kioo unachukua mikrosekunde 5 kwa kilomita, kwa hivyo nyumba ya kilomita 1 na ya kilomita 11 zinatofautiana mikrosekunde 100 kwenda na kurudi, na fremu nzima ni 125. Mtambo unampima kila mtu umbali, unamwambia wewe chelewesha hivi, ndio vipande vifike vikiwa vimepangana. Shida yake? Boksi moja likiharibika leza yake ikawaka bila kuzima, mtaa mzima hauwezi kupanda, na utazunguka ukichomoa moja moja hadi umpate.

Sasa yule mzee

Nilimwambia hivi. Plot ya nyumbani ni swichi na waya, hiyo haina mjadala. Ng'ambo, kama anaweza kupata ruhusa ya kuvusha uzi, hata kama ni mita 150 tu, aweke faiba, na asinunue GPON kwa ajili ya plot mbili, mtambo wake ni ghali bila sababu na hana nyumba 32 za kutawanya. Moduli za rangi mbili, kori moja kila plot, na uzi uwe wa kori nne hata kama leo anatumia mbili, juu kuchimba ndio ghali, kioo ni bei ya chai. Kwa rauta CAKE, kikomo 95, na kila chumba hadi 10, sio 2.5.

Ruhusa ikikataa, sekta moja kwa paa, hali ya zamu, plot mbili zinapokea, chapa moja. Ile ya fundi wa kwanza ya chaneli kwa kila plot ningeichukua tu kama angekuwa na kamera zinazotuma usiku kucha ng'ambo, na hana, ana ile moja ya geti na mbwa.

Akauliza na plot C wakizidi kuvuta kuliko B? Nikamwambia si ndio raha ya foleni mzee, B wakiwa matanga C wanakula. Akacheka, akasema basi uje Jumamosi na ngazi yako, ya yule wa kwanza ilivunja mfereji wangu. Nimeshachukua moduli nne, mbili za buluu mbili za njano, nimezipima mezani na kipande cha uzi, na nimeziandikia kwa maka peni, NYUMBANI B, NG'AMBO B, NYUMBANI C, NG'AMBO C.